Sanduku la Vyuma la Ahmednur

Mbuvi alikuwa akipulizia makaa ya kupasha chuma chake cha kulehemu, barazani kwake katika soko la Tseikuru, askari Kisilu alipomfikia.

"Fundi, afande anakuita. Beba vyombo vyako."

Hata chai hakumaliza. Mwaka huo wa sitini na sita, vita vya shifta, waasi wa Kisomali wa kaskazini, vilikuwa vimeleta kambi ya polisi nyuma ya soko, na tangu siku hiyo, ukiwa Msomali, usingizi sahau. Nje ya mahema alisimama Sahara, mke wa Ahmednur, mtoto mgongoni, akamkimbilia Mbuvi.

"Baba Mutindi, wamemchukua alfajiri. Wanasema anawapelekea shifta mitambo. Lori la kizuizini linaondoka leo. Tafadhali, waambie ukweli."

Ndani ya hema, Ahmednur alikuwa amekalishwa chini, pingu mikononi. Ahmednur yule muuza mbuzi, ambaye nusu ya soko hula kwa mkono wake! Mezani palikuwa na sanduku la mbao, na Mbuvi akalielewa mara moja. Ni yeye aliyemwomba Ahmednur, kila aendako na mbuzi wake, amwokotee redio zilizokufa atoe vipuri.

Inspekta alisukuma sanduku kwa rungu. "Tuambie hivi ni vitu gani. Hizi chupa zinalipua nini?"

"Hazilipui, afande. Ni valvu za redio ya zamani. Angalia, hii imeingia hewa, ndani imegeuka nyeupe. Imekufa." Akaendelea kutoa kimoja kimoja. Kondensa iliyotokwa nta. Koili iliyokatika waya. Spika ambayo panya walikuwa wamekula karatasi yake. Chini kabisa palikuwa na redio ndogo ya transista, haina hata kifuniko.

"Na hii ndiyo ya kutuma habari msituni?"

"Hii husikia tu, afande, kusema haiwezi. Na ni mimi nilimwagiza. Kama kuna makosa, ni yangu."

"Wewe si ni Mkamba? Na wewe hatuna shida."

Hebu sikia hiyo! Sanduku moja, na mwenye kuliagiza amejitaja mwenyewe, lakini kosa linaangalia kwanza kabila ndipo lichague pa kukaa.

Mbuvi akaona dawa ni moja tu, awaonyeshe. Akapasha chuma kwenye jiko la kambi, akalehemu waya wa betri uliokuwa umekatika, akaazima betri za tochi ya Kisilu.

"Wacha, fundi," Ahmednur akasema polepole. "Ikiwa imekufa ni afadhali."

Hakumsikiliza. Alidhani ukweli ukionekana tu, kesi imeisha. Redio ikakwaruza, ikanyamaza, halafu mwanamke akaanza kuimba kwa Kisomali.

Inspekta alipiga meza. "Umeona? Iko hai, na inaongea lugha yao! Huyu apelekwe kwa lori."

"Lakini afande, hata Nairobi hutangaza kwa Kisomali! Huo ni wimbo tu!"

"Fundi, umefanya kazi yako vizuri. Enda nyumbani."

Vizuri! Hasira ilimpanda Mbuvi, na aibu ikaja juu yake. Amekuja kumtoa mtu, na mkono wake mwenyewe ndio umemfunga. Akamgeukia Ahmednur.

"Si wewe, ndugu yangu," Ahmednur akamwambia, huku Kisilu akimwinua kwa kwapa. "Wangekosa hii wangetafuta ingine."

Hapo ndipo Mbuvi alipoiona redio ya Inspekta mwenyewe, kubwa, mpya, ya kava la ngozi, imelazwa kwenye kitanda cha kambi. Hakuomba ruhusa. Aliiwasha, akasogeza mshale taratibu, akapita mluzi, akapita taarab, akapita padri, mpaka sauti ya yule mwanamke ikajaa hema zima, wimbo uleule, safi kuliko mwanzo.

"Na hii, afande, ni ya nani? Pingu zake ziko wapi?"

"Zima hiyo kitu!"

Kisilu alikuwa bado amemshika Ahmednur, lakini hakuna aliyepiga hatua. Inspekta akachukua rungu lake mezani.

"Nimesema zima!"

Mbuvi akaongeza sauti mpaka mwisho.