Rufaa Iliyokaa Eda

Bi Rahila wa Wingwi alikuwa na haja moja tu duniani: shamba la mikarafuu la mumewe, Shaame, lisiangukie mikononi mwa shemegi yake, Hamad. Lakini kesi ya shamba ilipofika mahakamani, hakimu alimpa Hamad ushindi, akasema asiyeridhika akate rufaa ndani ya siku thelathini. Shaame akarudi nyumbani kanyong'onyea, na wiki haijesha akafariki.

Rahila akaingia eda, na ilikuwa eda kwelikweli. Miezi minne na siku kumi, hatii wanja, hagusi manukato, mlangoni hachungulii. Wanawake wa kijiji wakamsifu, naye sifa alizipenda, tusifichane.

"Mama, siku za rufaa zaisha," binti yake Safaa alimwambia. "Twende mahakamani Chake. Shehe kasema mwenye dharura hutoka mchana akarudi."

"Miye n'toke, babaako hata kaburini hajapoa? Watu wataamba nini? Shamba lina mizizi, haliendi pahala."

Shamba kweli halikwenda. Siku ndizo zilizokwenda.

Eda ilipokwisha, mama na mwana wakafika mahakamani kuomba waongezewe muda. Hakimu, mwanamke wa makamo, alimsikiliza mjane kwa makini, akawa anatikisa kichwa kwa huruma. Rahila akaona mambo yamenyooka.

"Kwa hiyo, Bi Rahila, muda wote huo hukutoka nyumbani hata mara moja?"

Alikuwa ameshaapa kwa Msahafu.

"Nilitoka mara moja, Mheshimiwa. Nilikwenda kung'oa jino."

"Lini?"

"Mumo mumo katika siku za rufaa."

"Ulikwenda wapi?"

"Hapa hapa Chake."

Safaa akajifunika uso kwa mtandio. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Jino lilikuuma, bibi, ukatoka," alisema kwa upole. "Na shamba je?"

Ombi likakataliwa.

Nje alilia kwa hasira, na hasira yenyewe hakuwa na wa kumtupia ila nafsi yake. Hamad alipita kando, hakumcheka.

Msimu wa karafuu ulipoingia, Rahila alimeza mate machungu, akenda kuomba kazi ya kuchambua. Hamad alimpokea kwa heshima zote.

"Karibu, shemegi," akamwambia, akinyoosha kidole. "Ingilia njia ile, kuna mwembe pale, ukikata kulia utaona mikeka."

Rahila, aliyeipita njia ile tangu siku ya harusi yake, akaitikia, "Ahsante," akaifuata.