Kona ya Kibandiko

Nilichoona kwanza ni kona. Kibandiko cha chini, upande wa mgongoni, kilikuwa kimejikunja kona moja kama chapati iliyoachwa wazi. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Vibandiko vilikuwa vinne, viwili kila upande wa kidonda cha mama, na nyaya zake ziliingia kwenye kimashine cha kutosha kiganjani. Jumatatu mama alikuwa amepasuliwa kifua, akatolewa kipande cha pafu kilichooza. Jamleck, yule wa mazoezi ya wagonjwa, alitueleza kwamba stima ndogo ya kile kimashine hutuliza maumivu, ili mgonjwa aweze kukohoa.

"Na asipokohoa?" Mama Lenox akauliza. Yeye ndiye kiongozi wa akina mama kanisani kwetu Kangemi.

"Makohozi yatajaa pafuni. Daktari atamrudisha kwenye upasuaji."

Mama Lenox akacheka, akamgeukia mama. "Stima yenyewe ya Kangemi inapotea kila jioni. Peres, wewe ndiyo utegemee hiyo?"

Jamleck alipotoka, Mama Lenox alitoa mkobani chupa ya mafuta yaliyoombewa, akanipa. "Kila asubuhi ukishamwosha, mpake kuzunguka kidonda. Bandeji usiguse. Na yasipanguswe, Veronicah. Kupangusa ni kukataa."

Nikampaka Jumatano, nikampaka Alhamisi. Ngozi iliyanywa mafuta haraka, hata hayakung'aa. Jamleck alikuja na vibandiko vyake akiniuliza kama nimemwosha mgonjwa. Nikaitikia kwa kichwa. Kweli, nilikuwa nimemwosha.

"Inaniuma kama siafu!" mama alilia. "Toa!"

Jamleck akapunguza. "Sasa?"

"Sasa sisikii kitu."

Akiongeza kidogo, siafu tena. Alibadilisha nyaya, akabadilisha betri. Mimi nilikuwa naangalia kona.

Ijumaa asubuhi pumzi ya mama ilisikika kama uji unaochemka. Daktari alimsikiliza mgongoni, akasema akirudi saa kumi akute bado hajakohoa, anarudi kwenye chumba cha upasuaji. Mama alishika ukingo wa kitanda.

Saa saba Mama Lenox alikuja kumwona. "Toeni hiyo mashine, mnamtesa," alimwambia Jamleck. Mama naye akasema, "Toa, mwanangu. Nimechoka." Jamleck akaanza kubandua na kukunja nyaya. Kile kibandiko cha chini hakikuhitaji kuvutwa. Kilianguka chenyewe.

Nikachukua beseni, sabuni na kitambaa.

"Wewe, unafanya nini?" Mama Lenox akauliza.

Nilianza kumsugua mama taratibu, mbali na bandeji.

"Veronicah! Unapangusa upako?"

Wodi nzima iligeuka. Nikaendelea kusugua, maji yakamwagika kwenye shuka. Jamleck alishika kitambaa, akakisugua kati ya vidole, akakinusa.

"Mafuta?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo maana havishiki. Stima yote inapita pale padogo palipogusa." Hakunigombeza. "Mkaushe vizuri."

Alifungua vibandiko vipya. Hakuna kona iliyoinuka. Akawasha polepole, huku mama amefumba macho akingoja siafu.

"Inatambaa," mama akasema. "Kama mguu ukifa ganzi."

"Inauma?"

"Haiumi."

"Basi kumbatia mto, mama. Ubane hapo kwa kidonda. Kohoa."

Cha kwanza kilikuwa kikohozi cha kifaranga. Cha pili kikakwama. Cha tatu kilimtoa machozi, na bakulini likadondoka kohozi zito la rangi ya kutu. Akakohoa tena na tena. Mama Lenox alisema, "Asante Yesu," lakini mimi hakunitazama.

Saa kumi daktari alimsikiliza mgongo mara mbili. "Tutaendelea hapa hapa," akasema.

Mama alinishika mkono. "Nyathina, mwanangu, ulijuaje?"

"Nimejua tu."

Sasa tuko nyumbani Kangemi, na kila mgeni akija, mama humsimulia jinsi Mungu alivyomwonyesha binti yake saa ileile ya shida. Mimi huenda kuchemsha chai.

Mama, sikuonyeshwa saa ile. Kona niliiona Jumatano, na Alhamisi nilijua ni mafuta. Nilikusikia ukilia, nikanyamaza, kwa sababu niliyaogopa macho ya Mama Lenox kuliko kifo chako.