Jasho la Pikipiki ya Karani

Pikipiki ya Adelard ilikuwa na mafua. Hivyo ndivyo Chausiku alivyosema tangu siku ya kwanza alipoiona ikipita uchochoroni kwake, Temeke, mwaka ule wa hamsini na nne. Kwa mbele chombo kinang'aa, tangi jekundu, taa kama jicho la ng'ombe. Kwa nyuma, kwenye ncha ya bomba la moshi, kamasi nyeusi inaning'inia. Inarefuka, inakatika, na nyingine inaanza kabla ile ya kwanza haijafika chini.

Mwenyewe alikuwa karani, kijana wa Bukoba aliyeteremka pwani na sanduku moja la bati na maoni mengi. Salamu aliitoa kama mtu anayegonga muhuri. Watu wa pwani aliwakubali katika mambo mawili, kupika pilau na kulala mchana. Mengine yote, kwa maoni yake, walihitaji mtu wa kuwaelekeza, na mtu huyo alikuwa ameshafika.

Chausiku hakuelekezwa na mtu. Mumewe alipokufa alimwachia pasi ya mkaa, kamba mbili za kuanikia na deni la kilio, na kwa hivyo vitatu akageuka mfua nguo. Nguo nyeupe ya Chausiku, ikishatiwa buluu na wanga, ilikuwa na weupe wa kuumiza macho. Ndiyo maana wasomaji wa Maulidi wa mtaa mzima walimpelekea yeye kanzu zao, kumi na moja, za kuvaliwa Jumapili jioni. Zikitoka safi, kazi ya mwaka mzima ni yake. Zikitoka na doa, wateja wanahamia kwa Mwajabu wa mtaa wa pili, ambaye hufua kanzu mpaka ikapata rangi ya ugali wa muhogo. Kushindwa na Mwajabu! Chausiku angekubali kwanza kumeza mkaa.

Basi Jumamosi mchana, kanzu zote zikiwa kambani uchochoroni, karani akarudi kutoka kazini akamkuta Mwalimu Fransis karibu na kamba hizo. Akasimama kumsikilizisha sauti ya injini. Hakuangalia nyuma yake kuna nini. Watu wa namna ile hawana desturi ya kuangalia nyuma. Akaiacha ikinguruma palepale, akakamata mpini wa mafuta, akauzungusha mara tatu. Bomba likakohoa, likapiga chafya, moshi wa buluu ukaziba uchochoro. Moshi ulipotawanyika, Mwalimu Fransis alikuwa anafuta miwani, na kanzu tatu za mwisho kambani zimepata ndui nyeusi.

Chausiku alizianua zile tatu, akazisugua kwa mafuta ya taa na sabuni ya mche. Mbili zikakubali. Ya tatu ikagoma, tena kifuani, na ya tatu ilikuwa ya Mzee Nassibu, kiongozi wa wasomaji. Akaibeba ikiwa mbichi hadi mlangoni kwa karani.

Adelard aliitazama bila kuinuka.

"Hilo ni jasho, mama. Mashine yenye nguvu lazima itoke jasho. Baiskeli ndiyo haitoki."

"Mie natoka jasho mwaka wa ishirini huu, sijamchafulia mtu kanzu. Hebu niambie, unailisha nini?"

Swali lilimfurahisha. Aliingia ndani akatoka na kijitabu cha Kiingereza, akamweleza taratibu, kama anayezungumza na kiziwi, kwamba pikipiki ya aina ile haina mahali pake pa oili. Oili huchanganywa na petroli humo humo ndani ya tangi. Kitabu kinasema painti moja ya oili kwa galoni mbili za petroli. Sasa, vipimo vya Kizungu hapa havipatikani, lakini mtu aliyesoma hashindwi. Alikwenda sokoni, akauliza vipimo vya watu wa pwani ni vipi, akaambiwa kidogo ni kibaba, kikubwa ni pishi. Basi. Painti ni kipimo kidogo, ndiyo kibaba. Galoni ni kikubwa, ndiyo pishi. Kila akichanganya, kibaba kimoja cha oili kwa pishi mbili za petroli, na vyombo hivyo hapimii unga. Ana vyake kabisa.

Chausiku alimtazama kwa huruma kidogo, kisha huruma ikaisha.

Marehemu mumewe alikuwa muuza mafuta ya taa, na vipimo vyake Chausiku alivijua. Akamwomba jirani debe tupu, akalijaza maji, akaagiza pishi ya karani iletwe. Majirani walishaanza kutoka, maana mtu anayepima maji mchana wa Jumamosi lazima ana jambo.

"Debe hili lina galoni ngapi?" aliwauliza.

Nne, walijibu, hata wale wasiojua kuandika majina yao. Akaanza kuchota na kumwaga, moja, mbili, akihesabu polepole kwa faida ya aliyesoma. Pishi ya nne ilipomwagwa debe lilikuwa bado na maji karibu nusu. Ya saba ndiyo iliyomaliza maji.

"Galoni nne, pishi karibu saba," Chausiku alisema. "Kibaba kweli hakipishani sana na painti, lakini pishi ni kama nusu ya galoni. Umemnywesha mnyama wako oili mara mbili ya anachotaka, miezi yote hii. Hatoki jasho, karani. Anatapika."

Walicheka mpaka Mwalimu Fransis akalazimika kushika ukuta. Adelard alisema maji si petroli. Wakacheka upya.

Chausiku aliwaacha wamalize. Kisha akamnong'oneza karani kwamba kesho ama atakuja kuifua kanzu ile kwa mikono yake, ama itapelekwa kama ilivyo kwa Mzee Nassibu. Na Mzee Nassibu, asisahau, ndiye mwenye chumba alichopanga karani.

Jumapili Adelard alitoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye karai la Chausiku, mikono ya shati imekunjwa, uchochoroni penye njia ya watu. Waumini wenzake walipopita aliwaeleza kwamba anafanya majaribio ya sabuni. Chausiku alimwacha aeleze. Mradi mikono haisimami. Mara nne alimrudishia kanzu kwa kidole tu. Mara ya tano akaitia buluu mwenyewe, akaianika, akaipiga pasi. Doa lote lilikuwa limekwenda, isipokuwa alama moja hafifu kifuani, ukubwa wa punje ya mtama.

Alasiri, Mwanakombo binti Nassibu alipokuja kuchukua kanzu, Chausiku angeweza kuikunja ile ya baba yake alama ikae ndani. Badala yake akaifunua, akamwonyesha.

"Kazi yangu haina alama. Muulize huyu."

"Ni mashine," Adelard alisema.

Chausiku akaweka mkono kiunoni.

"Mashine ya nani, kaka?" Mwanakombo aliuliza.

"Yangu." Akatazama karai. "Nilikosea kupima. Mama huyu hana kosa."

Mwanakombo alisema baba atavaa joho juu, halitaonekana, akaziweka kanzu zote kumi na moja kichwani akaondoka. Kwenye kona alipishana na Mwajabu, aliyekuwa amesimama pale tangu adhuhuri kusubiri habari njema.

"Mwaga hayo maji," Chausiku alimwambia karani. "Usimwage mlangoni kwangu."