Miti ya Ploti Kumi na Moja

Kiangazi kile ndege ndogo ilipita juu ya misitu ya bonde ikirusha mwanga chini na kuupokea tena, ili urefu wa miti ujulikane, na kwa urefu huo ikadiriwe msitu unaongezeka kiasi gani kwa mwaka. Kazi ya Stumai, ofisini Ifakara, ilikuwa kulinganisha vipimo vya ndege na vya watu waliopima miti kwa mikono. Ploti zote, yaani vipande vya msitu vilivyotengwa kupimiwa, zilikubaliana, isipokuwa namba kumi na moja. Kwenye karatasi kulikuwa na miti arobaini na mitatu, kila mmoja umenenepa kidogo kuliko mwaka jana. Ndege ilisema hapana mti hapo.

Aliyejaza karatasi hizo alikuwa baba yake, mzee Nickolaus, aliyeifanya kazi ya upimaji miaka ishirini na miwili. Basi Stumai akailaumu ndege, wenzake wakamcheka. Angefanyaje? Baba huyo ndiye aliyemfundisha kwamba namba ya kubuni ni wizi.

Akapanda bodaboda, akavuka daraja la Kilombero mpaka vilima vya nyuma ya Lupiro. Alikuta mabua ya mahindi na visiki vilivyoanza kuoza. Havikuwa vya mwaka huu. Alilia pale pale, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na jioni akafika Mlabani kwa mzee, tayari kumpa vidonge vyake.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mama. Mbona vumbi hivyo?”

“Baba, kumi na moja hujaenda tangu lini?”

Mzee aliutazama mguu wake wa kulia, aliokuwa ameunyoosha juu ya kigoda. “Mwaka wa tatu sasa. Goti lilikataa mlima. Ningesema, wangeniondoa kazini.” Kisha, maskini, akatabasamu. “Lakini sikubahatisha. Ile miti naijua. Mninga wa pale kwenye jiwe ni mvivu, naupa milimita mbili tu kwa mwaka. Mvule naupa sita. Nenda kapime, utaona.”

Hapo hasira zikamwisha Stumai, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Mzee hakujua. Miaka mitatu alikuwa akiikuza kichwani miti iliyokwisha kuwa mbao.

“Nimetoka huko, baba. Wameikata yote. Siku nyingi.”

Mzee aliushusha mguu kutoka kigodani. “Ningesema ukweli wa goti,” alisema, “wangempeleka mwenye miguu. Angewakuta na misumeno yao.”

Stumai alitaka kumwambia si kosa lake. Hakuweza, kwa kuwa lilikuwa kosa lake, na alimpenda mno kumdanganya.

“Lete fomu,” mzee akasema.

Kwa wapimaji, mti uliokufa hauachiwi nafasi tupu. Huandikwa kwa namba yake, mmoja mmoja. Stumai alitaka kupiga mstari mmoja ukurasa mzima, mzee akakataa. Yeye alitaja namba na aina, binti akaandika: umekatwa. Walipofika wa kumi na tisa mzee aliacha kutaja, akageukia ukutani. Stumai akaendelea peke yake, akisoma karatasi ya mwaka jana kwa sauti ya chini, mpaka wa arobaini na tatu.

Chini kabisa palikuwa na nafasi ya jina la mpimaji. Stumai aliiruka. Mzee aliinyoosha mikono, akaichukua ile fomu, akaandika jina lake mwenyewe.