Diski Niliyoichagua kwa Uzito

Mimi Anastase nilipiga watu picha miaka zaidi ya makumi mbili hapa Goma, ku studio yangu ya Birere, mpaka volkano ilipoipitia mwaka wa deux mille deux (2002). Shule sikusoma mingi, niliishia troisième primaire, darasa la tatu, lakini sura ya mutu naijua. Siku ile moto ulishuka, nilitoka na kamera shingoni na mutoto mugongoni. Negatifu zote zilibakia ndani ya makarto, zikaungua. Sasa wakati mujukuu wangu Igihozo alianza kazi ya picha, nilifurahi sana, na furaha ile ilinitia kiburi kidogo. Nilikuwa najiingiza ku kila kitu chake. Hapo ndipo kosa langu lilianzia, na nitalisema lote.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Mama Nyiransabimana, mujane wa Buhene, anasali na sisi ku parokia. Bwana yake, Constant, walikimbia pamoja kutoka upande wa Rutshuru wakati wa vita ya deux mille douze (2012), na alikufa kwa kuhara ku kambi ya Kanyaruchinya. Wakamuzika mbiombio, mvua ikinyesha. Kwetu mutu akizikwa, kuna mwenye kutangulia na musalaba na picha ya marehemu ndani ya kadre, fremu ya mbao na kioo. Constant hakuna aliyemutangulia na picha. Mama huyu alikuwa anasema miaka yote kama bwana yake hajazikwa, alifichwa tu. Sasa familia ilikubali: mwezi wa sita watajenga kaburi na simenti, misa isomwe, na safari hii kadre itangulie.

Picha ya Constant ilikuwa moja tu. Ni ya harusi ya mutu mwengine, amesimama nyuma ya watu makumi tatu, sura yake sawa ukucha wa kidole kidogo, na maji ya mvua ilishaikula. Igihozo aliiingiza ndani ya mashini yake, kompyuta, kwa ukubwa wa ajabu, akamurudishia Mama karatasi yake, akaanza kumutoa Constant mule polepole, kama vile unatoa mwiba. Lakini mashini yake ilikuwa imejaa. Picha ile moja ilikuwa nzito kupita picha za harusi nzima. Akaniomba nimusindikize kununua diski ya inje, juu mimi najua kusemezana na wafanya biashara.

Tulienda kwa Zéphirin, ule mwenye duka ya vitu vya umeme. Alitoa diski mbili mezani. Bei karibu sawa. Moja ndogo kama kiberiti, nyepesi kama biskuti. Nyingine kubwa, inaingiza mara mbili, na ukiishika unasikia kama umeshika kitu. Igihozo alitaka ile ndogo. Alinieleza vizuri, mutoto wa watu: ndani yake hakuna kitu inazunguka, picha inafunguka mara moja, unaweza kuitengeneza palepale juu ya diski bila kungojea. Ile kubwa ndani iko na sahani yenye kuzunguka na kasindano juu yake, sawa tourne-disque ya zamani, ile ya santuri.

Mimi nilizichukua zote mbili, moja huku, moja huku, nikazipima na mikono.

"Muzee," Zéphirin akasema, "hii haiko viazi vya Masisi."

Nikamuambia marehemu baba yake ndiye alikuwa ananiuzia mapile nyepesi, betri za radio, zinaimba siku moja zinakufa, kwa hiyo jamaa yao naijua. Watu wakacheka. Na ni kweli, hapa kwetu kitu cha bandia unakijua ku mukono. Pile nyepesi ni ya uongo. Kufuli nyepesi, mwizi anaifungua na musumari. Pasi nyepesi haina chuma. Na diski za uongo zilikuwa zimejaa Birere, kila mutu alijua hivyo. Igihozo aliniangalia. Ningemuacha achague, kazi ni yake. Lakini alinilea kwa heshima, mimi ndiye nasema vibaya, mimi ndiye nilimulea kwa heshima, na heshima ile ikamufunga kinywa. Akaniambia mimi babu yake: "Sawa, Koko. Tuchukue hiyo nzito."

Akahamisha kila kitu mule, akapangusa mashini yake, akafuta vyote, ili ipate nafasi.

Polepole ya diski ile, mungu wangu. Anagusa shavu la Constant, anangojea. Anapunguza kivuli, anangojea, anaenda kuosha sahani, anarudi, bado. Kila mara ananiita niangalie: Koko, sikio hili linakaa vizuri? Kola hii ilikuwa nyeupe ao ya maziwa? Mwezi wa ine ukaisha. Tarehe makumi mbili ya mwezi wa tano, Constant alikuwa tayari mwili mzima, akibakiza macho. Na mimi nilikuwa naona aibu ya diski niliyochagua.

Siku mbili baadaye, siku ya posho, ndiyo Jumamosi, Nyiragongo, volkano yetu, ikapasuka tena. Moto ukashuka ku Buhene. Mama Nyiransabimana alitoka na watoto na godoro. Nyumba iliungua, na ile karatasi ya harusi iliungua ndani. Kesho yake asubuhi alinitumia neno na mutu wa parokia: nisihangaike, Constant yuko salama kwa Igihozo.

Halafu ardhi ikaanza kutetemeka. Unakunywa chai inamwagika. Ukuta unapasuka huku ukiuangalia. Siku ya pili Igihozo alisema acha nimalize macho, juu hatujui kama kesho tutakuwa hapa. Nikamuambia ndiyo, fanya. Sahani ilikuwa inazunguka, namusikia Igihozo anaguna kwa kazi, na ardhi ikapiga mara moja, kwa nguvu, kama lori limegonga nyumba. Diski haikuanguka hata. Iliruka kidogo tu juu ya meza, ikakaa tena. Halafu ikaanza kulia ka, ka, ka.

Igihozo aliitoa, akairudisha. Ka, ka, ka. Zéphirin naye aliijaribu ku mashini yake, akaweka sikio, akasema kasindano kamekwangua sahani, picha zote zimepotea. Hakunichekelea. Afazali angenichekelea.

Igihozo alitaka kwenda kumuambia Mama mwenyewe. Nikamukataza. Hilo tu ndilo nililokataza vizuri mwaka ule.

Nilimukuta Mama Nyiransabimana ndani ya darasa moja ya parokia, walikuwa wamelaza watu mule. Nilimuambia yote: Igihozo alitaka diski ya mbio, mimi nikachukua ya uzito, na ile ya mbio ingekuwa imemaliza kazi kabla ya moto. Halafu akauliza kama macho yalikuwa yameshafika. Nikasema hapana.

"Ulipima na mukono, Papa Anastase?"

"Nilipima na mukono."

"Constant pia alikuwa anapima hivyo," akasema. "Mapile."

Nilifikiri amenisamehe. Hakunisamehe. Alisema misa itasomwa, kaburi litajengwa, na kadre ameshainunua, ilitoka naye ndani ya godoro. Itatangulia. Na mwenye kuibeba ni mimi.

Mwezi wa sita niliibeba, kutoka kanisani mpaka Kanyaruchinya, kioo na mbao, ndani hakuna mutu. Mama alitembea nyuma yangu, Igihozo kando yake. Watu wa njiani wanauliza, Muzee, mbona kadre haina picha? Kila mara Mama anasimama, musururu mzima unasimama, anangojea nijibu. Sikuhesabu waliouliza. Kila mumoja nilimuambia ni mimi nilichagua diski.