Mguu wa Kushoto

Merina alikuwa akigeuza dagaa kwenye nyavu za kuanikia, pale Ilagala, ndege ya abiria ilipotua nyuma ya nyumba yake. Ilishuka taratibu na bila kishindo, maana injini zilikwisha kung'olewa. Ikalalia bawa la kushoto kwa sababu mguu wa upande huo haukuwepo. Kwa kuwa iliziba njia ya ziwani, Mzee Feliksi, mwenyekiti wa kitongoji, alikuja kuisalimu. "Mwakeye," akaiambia, kisha akaiomba isogee kidogo. Ikasogea. Watu wakapita na ndoo zao.

Kilichomkosesha Merina raha ni kuugua kwa ndege hiyo. Kila mara ndege ya kutoka Dar es Salaam ilipopita juu kwenda kutua Kigoma, ile kongwe ilitetemeka, ikauelemea upande usio na mguu, ikaguna kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Ya juu ilipotua, nayo ilitulia. Merina akawa hakai mahali pamoja. Akisonga ugali, alijikuta amesimama mlangoni na mwiko mkononi, macho juu.

Mwanawe, Anatoli, alikuwa fundi kwenye yadi moja huko Dar, ambako ndege zilizostaafu hufunguliwa vipande. Kinachofaa huuzwa, kisichofaa huenda kwenye chuma chakavu. Merina akampigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Anatoli, kuna ndege yenu hapa."

"Nyeupe? Imefutwa maandishi?"

"Hiyo hiyo. Mguu wake uko wapi?"

"Kumbe ilikuja huko. Bosi alidhani imeibwa." Akakohoa. "Mguu ulikuwa na ufa, mama. Ulitakiwa ukatwe, utupwe. Bosi akasema tuuzibe, tuupige rangi. Nikaupiga."

"Nauliza uko wapi."

"Umefungwa kwenye ndege inayokuja huko kwenu."

Merina akavaa kitenge cha kanisani, akapanda boti hadi Kigoma mjini, akaingia kwenye ofisi ya kampuni ya ile ndege ya Dar. Msimamizi, dada mmoja aitwaye Diana, alimpa kiti na chai. Hakubisha hata kidogo. Alisema aliusikia mguno huo mwenyewe alipokwenda Ilagala msibani, na ulimsikitisha.

"Lakini mama yangu, mguu una vibali vyote. Anayelalamika ni ndege iliyostaafu. Hatuwezi kuizuia inayoruka kwa maneno ya iliyostaafu."

"Na siku ukivunjika?"

"Hapo itaundwa tume," Diana alisema kwa upole, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Juma lililofuata Anatoli akaja nyumbani. Alikuja kwa treni. Hapo ndipo Merina alipotambua kwamba tangu aanze kazi kwenye yadi ile, mwanawe hakuwahi kuja kwa njia nyingine, hata mwaka ule aliokuja kumzika baba yake na kukuta kaburi limekwisha kufunikwa.

"Hiyo ndege hujawahi kuipanda," akamwambia.

Anatoli alikuwa anavua viatu. "Hapana, mama."

"Na wanaoipanda?"

Anatoli alitoka akatafuta gogo la mninga, akalichonga, akalisimamisha chini ya bawa, mahali pa mguu. Ilikuwa kazi safi. Ndege ya Dar ilipopita, gogo lilipasuka toka juu hadi chini. Anatoli akaweka bega lake. Merina akaweka la kwake. Majirani wakaacha nyavu, wakaja kama wanavyokuja mtumbwi mzito unapotakiwa kuvutwa nchi kavu, wakalibeba bawa mpaka ile ya juu ilipogusa ardhi Kigoma.

Jasho halijakauka, simu ya Anatoli ikaita. Aliongea mbali kidogo, akarudi anafunga begi.

"Imeletwa nyingine yadi."

"Usiende."

"Nisipokwenda, rangi atapiga mtu mwingine."

"Basi apige huyo mwingine."

Anatoli alimtazama mama yake, akatazama bawa, akaenda kuwahi treni.

Siku hizi mlio ukisikika kutoka mashariki, wanawake wa Ilagala hukabidhiana watoto na kwenda chini ya bawa. Merina husimama mahali penye uzito kuliko pote, na mtu akitaka kumpokea hukataa. Huko juu abiria hufunga mikanda wakiambiwa wafunge. Waliokaa dirishani huiona ndege nyeupe imepumzika ufukweni, na watu wamejaa chini ya bawa lake, nao hudhani wamekimbilia kivuli.