Mshono wa Kona ya Kulia

Uwanja wa Radi FC pale Kianjai ulikuwa wa nyasi za kweli kwa miaka ishirini na minne, na miaka yote hiyo aliyezitunza alikuwa mtu mmoja, Mithika. Alizipanda kwa mikono yake kabla hata hajaoa. Alizikata kwa panga klabu ilipokuwa haina mashine, akafukuza ng'ombe wa watu, akagombana na wachuuzi waliotaka kukatiza hapo na mikokoteni yao siku za soko. Kiangazi kikija zilikauka zikawa rangi ya vumbi. Mvua ikirudi zilichipuka, na Mithika akapita sokoni akisalimia kila mtu, hata wale aliogombana nao.

Kisha mwenyekiti wa klabu, Kathuri, mfanyabiashara wa miraa mwenye maneno mengi, akaleta habari ya nyasi bandia. Alisema vilabu vyote vinavyojiheshimu vinaelekea huko. Uwanja utachezewa mvua na jua, matope yatasahaulika. Katika mkutano wa wanachama Mithika peke yake ndiye aliyesimama kupinga.

"Hiki kitu ni zulia," alisema. "Zulia ni la ndani ya nyumba."

Watu walicheka, naye akaketi. Wiki mbili baadaye tingatinga lilikuja likazikwangua nyasi zote asubuhi moja, likazirundika kando ya barabara, na wenye mbuzi wakazibeba kwa magunia.

Hawakumfukuza kazi. Kathuri alimkabidhi brashi pana na kumweleza kwamba sasa atakuwa akilipiga zulia brashi, na kusambaza zile punje nyeusi za raba zilizomwagwa katikati ya nyuzi zake. Mithika alikubali. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, shamba lake lilikuwa kipande tu, na hakujua kazi nyingine.

Mwaka wa kwanza ulipita salama. Mwaka wa pili jua la Januari lilipowaka, zulia lilipata moto mchana hadi wachezaji wakawa wanakimbilia kivulini kumwagia miguu yao maji. Watu wa Nairobi waliolitandika walikuwa wamelileta kwa vipande virefu na kuviunganisha kwa gundi, na sasa gundi ilianza kuachia kwenye mshono mmoja, karibu na kibendera cha kona ya kulia. Mwanzoni ulikuwa upenyo wa kuingiza kidole. Mwezi ulipoisha Mithika aliweza kupitisha mkono mzima chini yake. Alijaribu gundi ya fundi viatu. Ilishika siku moja, jua likailegeza tena. Akaenda kumwona Kathuri dukani kwake.

"Mwenyekiti, ile kona ya kulia imeachia kabisa. Mtu ataumia."

"Nimewapigia watu wa Nairobi mara ngapi? Hawashiki simu."

"Basi tuahirishe mechi ya Jumamosi."

Jumamosi hiyo timu ya wasichana kutoka Embu ilikuwa inakuja kucheza na wasichana wa Radi, na maofisa wa ligi walikuwa wamealikwa wauone uwanja, waupe mechi kubwa zaidi. Kathuri alimtazama Mithika.

"Wewe ulilikataa hili zulia toka siku ya kwanza," alisema. "Sasa unataka niaibike mbele ya wageni ndio useme ulituonya?"

"Hapana, Mwenyekiti."

"Funika na raba. Ikanyage vizuri. Mpira wenyewe haufiki pale sana."

Angeweza kumwambia refa. Angeweza hata kusimamisha kigingi pale na kufunga utepe. Badala yake, asubuhi ya Jumamosi alijaza ndoo punje za raba, akazimwaga juu ya mshono, akazisawazisha kwa brashi, akazikanyaga. Alirudi nyuma hatua tano akatazama. Haukuonekana. Hata yeye aliyejua ulipo ilibidi autafute kwa macho.

Winga wa kulia wa timu ya Embu alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa aitwaye Igoki, mwembamba, nywele fupi, anayekimbia kifua mbele. Chuo kimoja cha Embu kilikuwa kimemwahidi nafasi ya kusoma na kucheza. Kipindi cha kwanza alicheza upande wa mbali, na Mithika, aliyesimama nje ya mstari na brashi yake, akaanza kupumua. Baada ya mapumziko timu zikabadilishana pande za uwanja. Dakika ya sitini na kitu Igoki alipewa mpira mrefu, akampita beki wa Radi, akaja moja kwa moja kuelekea kona.

Mithika alifungua mdomo. Sauti haikutoka.

Mguu wa msichana uliingia chini ya zulia kana kwamba umeshikwa, na mwili wake ukaendelea mbele bila huo mguu. Goti lililia mlio ambao Mithika aliusikia hatua nne kutoka hapo. Igoki hakupiga kelele mara moja. Kelele zilikuja baadaye kidogo, na watu wote wakakimbia.

Walipokuwa wamemwinamia, ndipo Mithika alipofanya jambo ambalo hakuwahi kumweleza hata mkewe. Alisogea taratibu, akaurudisha mdomo wa zulia chini kwa kiatu, akazivuta punje za raba kwa ukingo wa brashi mpaka zikaufunika. Refa alipokuja kutazama mahali pale, palikuwa sawa kama mahali pengine popote.

Wiki hiyohiyo klabu iliandika ripoti. Ilisema mchezaji aliumia kwa sababu alivaa njumu zenye meno ya chuma, ambazo kanuni zinazikataza juu ya nyasi bandia, na kwamba uwanja haukuwa na kasoro. Kathuri alimwita Mithika akamwonyesha mahali pa kutia sahihi kama mtunza uwanja. Mithika alikuwa amezitazama njumu za msichana zikivuliwa. Zilikuwa na meno ya raba, yamelika upande mmoja. Alitia sahihi.

Ilipita miezi minne. Mwezi wa sita kocha wa wale wasichana wa Embu alipita Kianjai kwa shughuli zake, wakakutana na Mithika hotelini, wote wawili wakinywa chai. Mithika hakutaka kuuliza. Akauliza.

"Lile goti halikunjiki tena," kocha alisema. "Chuo kimechukua mtu mwingine. Lakini mwenye kunihurumisha ni mama yake. Hizo njumu yeye ndiye alimnunulia, mitumba, pale Embu mjini. Ripoti ilipofika alizitia motoni. Hata kanisani haendi siku hizi."

Mithika aliacha chai yake ikiwa nusu.

Siku tatu baadaye alikuwa Kibugu, kijiji cha kina Igoki upande wa Embu, ameelekezwa njia na wachumaji wa chai waliokuwa wakibeba vikapu. Kulikuwa na ukungu, na baridi ya msitu ilikuwa inashuka. Alimkuta Igoki barazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, akichambua maharagwe. Mama yake, Jedidah, alitoka kwenye michai akijifuta mikono kwa leso. Walisalimiana, mama kwa Kiembu na Mithika kwa Kimeru, wakaelewana, kisha wakaendelea kwa Kiswahili.

"Mimi ndiye natunza ule uwanja wa Kianjai," Mithika alisema. Alikuwa bado amesimama. "Mama, zile njumu hazikuwa na makosa. Zulia lilikuwa limeachia. Mimi nilijua."

Jedidah alimtazama kama hajasikia vizuri.

"Zilikuwa na meno ya nini?" akauliza.

"Ya raba. Niliyaona kwa macho yangu."

"Nilimwambia muuzaji nataka za raba. Nikamwambia mara mbili." Aliketi chini palepale kwenye udongo, mgongo ukutani. "Halafu karatasi ikaja ikasema ni chuma. Nikafikiri labda sikuangalia vizuri. Nikafikiri labda mimi sijui chuma."

"Mama," Igoki alisema, "nilikuambia kuna kitu kilinishika mguu. Toka hospitali nilikuambia."

"Nilikukataza kusema hivyo," Jedidah alijibu polepole. "Nilidhani unanionea huruma."

Igoki alimgeukia Mithika. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Karibu na kibendera."

"Uliniona nikija?"

"Nilikuona."

"Na hukuita."

"Sikuita. Na ulipoanguka, nililifunika tena. Kwa mguu."

Igoki alirudi kwenye maharagwe yake. Alichambua matatu, manne, kisha akaisukuma sinia mbali.

"Nenda ukayaseme hayo Embu," alisema. "Kwa watu wa ligi. Sitaki kuambiwa hapa peke yangu."

Alikwenda kesho yake. Katika ofisi ya ligi karani mmoja aliandika kila neno, akamsomea, akamtia wino kidoleni. Maofisa wakaahidi kwenda kuutazama uwanja, na kweli walikwenda, baada ya wiki tatu. Kufikia wakati huo watu wa Nairobi walikuwa wameshika simu. Mshono ulikuwa umekatwa, kipande kipya kimetiwa, kimegandishwa barabara. Kathuri aliwatembeza maofisa akiwa amevaa suti, akawaeleza juu ya mzee aliyelia hadharani siku nyasi zake zilipong'olewa, aliyepinga maendeleo mbele ya mkutano mzima, na ambaye sasa anatafuta kulipiza kisasi. Mashahidi wa mkutano ule walikuwa wengi, nao walisema kweli: Mithika alipinga. Tena sahihi yake ilikuwa pale chini ya ripoti ya kwanza. Maofisa walimuuliza ni siku gani alisema uongo, ile au hii, na alipojibu "ile", mmoja wao akatikisa kichwa na kufunga faili.

Ripoti ilibaki kama ilivyoandikwa. Kathuri alimnyang'anya brashi jioni ileile, bila hata kupandisha sauti.

Mithika alirudi Kibugu mara ya pili kuwapa habari, kwa kuwa aliona ni aibu wazisikie kwa mwingine. Mvua ilikuwa inanyesha. Igoki alimsikiliza kutoka mlangoni, ameegemea gongo, wala hakumkaribisha ndani.

"Kwa hivyo imeandikwa bado ni mimi," alisema. "Njumu zangu."

"Imeandikwa hivyo."

"Umesema. Nimesikia kwamba umesema." Alishika mlango. "Lakini usirudi tena hapa. Nikikuona, naona ule uwanja wote."

"Nimesikia," Mithika alisema.

Mlango ukafungwa. Jedidah, aliyekuwa jikoni, alitoka amejifunika gunia la nailoni kichwani, akamsindikiza hadi njia kubwa, maana hata mgeni wa namna ile hakuweza kumwacha aende peke yake. Walitembea kati ya michai, matope yakinasa viatu. Walipofika barabarani alisimama.

"Mimi na yeye tulikuwa tumeacha kuongea," alisema. "Miezi minne, ni chakula tu na dawa. Sasa tunaongea."

Mithika alinyoosha mkono kumuaga. Jedidah aliutazama ule mkono, akavuta gunia lake vizuri kichwani, akageuka kurudi nyumbani.